Je, modeli ya shamba inatosha kushauri ruzuku ya umwagiliaji wa matone katika bonde zima?

Mpangaji wa Bonde ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Nimo katika timu inayoandaa ushauri wa kisera kuhusu matumizi ya maji ya kilimo katika bonde la mto ambalo maji yake yamekwisha kugawanywa karibu yote. Pendekezo lililo mezani ni kwamba serikali ilipe sehemu ya gharama kwa kila mkulima atakayeacha kumwagilia kwa mifereji na kufunga mabomba ya matone. Ili kuupima mpango huo tumetumia AquaCrop, ile modeli ya mazao ambayo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliitoa mwaka 2009, tukaiendesha kwa kumbukumbu za hali ya hewa za miaka mingi na kwa mazao yote makuu ya bonde. Jibu lililotoka linapendeza machoni: maji ya kuchukuliwa mtoni kwa kila hekta yanapungua kwa karibu theluthi moja, na mavuno yanapanda kidogo.

Viongozi wetu wamelipokea jibu hilo kwa mikono miwili. Wanataka theluthi hiyo izidishwe kwa hekta zote zinazomwagiliwa, kisha maji yatakayopatikana yaahidiwe miji na ardhi oevu zilizo upande wa chini wa mto. Hapo ndipo ninaposita. Modeli tuliyoitumia inaiga kipande kimoja cha shamba, ilhali sera inagusa mto mzima, wakulima wenye mitaji tofauti, visima, na mikataba ya maji ambayo ikishatiwa saini haifutiki kwa urahisi.

Ningependa kusikia kutoka kwa wenye uzoefu. Je, ni halali kuyazidisha matokeo ya shamba moja kwa ukubwa wa bonde? Kama si halali, ni modeli gani za kuongeza, na zifuatane vipi, bila kuingia katika kazi ya miaka mitano ambayo itakamilika sera ikiwa imekwisha kupitishwa? Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote: tumwelezeje mtoa uamuzi kiasi cha mashaka yaliyomo katika matokeo bila kumfanya aone kwamba modeli haina faida?

Mwigaji wa Mazao amejibu:

Ndugu Mpangaji, kabla ya kufika kwenye kuzidisha, nawaomba mrudi kwenye data mlizoingiza mkaangalie theluthi hiyo imetoka wapi. Nasema hivyo kwa sababu AquaCrop haina njia ya kujua mfereji unavuja kiasi gani, wala maji yanasambaa shambani kwa usawa kiasi gani. Inachokijua kuhusu njia ya umwagiliaji ni hasa sehemu ya uso wa udongo inayolowa: matone hulowesha sehemu ndogo, mifereji hulowesha sehemu kubwa, na tofauti hiyo hubadilisha kiasi cha maji yanayovukizwa na udongo mtupu. Upotevu mwingine wote, kuanzia kwenye banio hadi mwisho wa tuta, huongezwa na mtumiaji mwenyewe, kwa kawaida kwa kuligawanya hitaji la zao kwa kiwango cha ufanisi. Ikiwa mliandika kwamba mifereji ina ufanisi wa asilimia 60 na matone asilimia 90, basi punguzo linalotokana na tarakimu hizo mbili peke yake ni theluthi moja kamili. Kompyuta haikuligundua punguzo hilo. Mliliingiza wenyewe, nalo likatoka upande wa pili likiwa na sura ya matokeo.

Kazi ambayo modeli hii inaifanya vizuri ni nyingine, na inafaa itajwe ili msiitupe. Imejengwa juu ya uhusiano ulio imara sana: mmea hauwezi kufungua vitundu vya majani ili kuingiza hewa ya ukaa bila kupoteza mvuke kwa wakati huohuo, kwa hiyo uzito mkavu wa mmea huongezeka sambamba na maji yaliyopita kwenye majani, baada ya kurekebishwa kwa uwezo wa hewa ya siku hiyo wa kukausha. Uwiano huo, kwa mimea ya kundi la mahindi na mtama, huwa kati ya gramu 30 na 35 kwa kila mita ya mraba. Kwa ngano, mpunga na mimea mingine mingi huwa kati ya 15 na 20. Ni kwa sababu hiyo modeli inahitaji vigezo vichache kuliko ndugu zake wakubwa kama DSSAT na APSIM, na ni kwa sababu hiyohiyo inaaminika zaidi pale swali linapohusu upungufu wa maji kuliko pale linapohusu wadudu au magonjwa, ambayo yenyewe haiyaigi.

Sasa kuhusu mipaka yake. Modeli inatazama nukta moja ya ardhi, na maji ndani yake husafiri kwa wima tu. Maji yakishazama chini ya mizizi huandikwa kuwa yametoka, na habari zake zinaishia hapo. Kwa hiyo msiangalie safu ya umwagiliaji peke yake. Katika matokeo ya mizania ya maji kuna safu ya mvuke uliotoka kwenye majani, safu ya mvuke uliotoka kwenye udongo, na safu ya maji yaliyozama. Ziandikeni zote tatu kwa kila zao, kwa mifereji na kwa matone, kisha mumwulize mtaalamu wa mito hayo yaliyozama yanakwenda wapi. Nashuku kwamba jibu la sera yenu liko katika safu hiyo ya tatu.

Kuna jambo moja zaidi. Kwa kawaida tunaiamuru modeli imwagilie udongo unapofikia kiwango fulani cha ukavu. Mkulima aliye kwenye skimu humwagilia zamu yake inapofika, na mara nyingi huchukua maji mengi kuliko anayoyahitaji siku hiyo kwa kuwa hana hakika ya zamu ijayo. Hali ya sasa mnayoilinganisha na matone lazima iigwe kwa ratiba halisi ya zamu. Mkiiga kwa ratiba bora, mtakuwa mmelinganisha vitu viwili ambavyo vyote havipo shambani.

Mtaalamu wa Mito amejibu:

Naendelea pale Mwigaji wa Mazao alipoachia, na nitatumia mfano wa tarakimu za kubuni kwa sababu hesabu ndogo inaliweka wazi jambo ambalo maneno mengi yanalificha.

Tuseme shamba linalomwagiliwa kwa mifereji linachukua vipimo 1,000 vya maji kutoka mtoni. Vipimo 550 vinapita kwenye majani ya zao, 50 vinavukizwa na udongo uliolowa, na 400 vinazama au vinatiririka nje ya shamba. Katika hivyo 400, vipimo 350 vinarudi mtoni au vinaingia kwenye akiba ya chini ya ardhi ambako wengine wanachimba visima, na 50 vinaishia kwenye maji ya chumvi yasiyofaa tena. Maji ambayo bonde limeyapoteza kweli ni 550, jumlisha 50, jumlisha 50, yaani vipimo 650.

Sasa mkulima anafunga matone. Anachukua vipimo 700 tu. Kwa kuwa zao linapata maji kila linapohitaji, majani yanatoa mvuke zaidi kuliko zamani, tuseme 620, na hayo ndiyo maelezo ya mavuno yenu kupanda. Udongo unavukiza 20. Vipimo 60 vinazama, 50 kati yake vinarudi na 10 vinapotea kwenye chumvi. Jumla iliyopotea kwa bonde ni 620, jumlisha 20, jumlisha 10, yaani 650 vilevile. Ukisimama kwenye banio la shamba unaona akiba ya vipimo 300. Ukisimama chini ya mto huoni hata kimoja, kwa sababu jirani wa chini alikuwa anaishi kwa yale 350 yaliyokuwa yanarudi, na sasa anapata 50. Mkiyaahidi mji yale 300, mtakuwa mmeyaahidi mara mbili.

Tarakimu zenu zitakuwa tofauti, na zinaweza kuwa bora kuliko hizi. Akiba ya kweli inapatikana pale maji yanayozama au kutiririka yanapoishia baharini, kwenye mabwawa ya chumvi au kwenye tabaka ambalo hakuna anayelifikia, na pia pale uvukizaji wa udongo mtupu unapokuwa mkubwa, kama kwenye miti michanga ya matunda iliyopandwa kwa nafasi pana. Ndiyo maana haiwezekani kutoa asilimia moja kwa bonde zima: skimu mbili zenye mabomba yaleyale na zao lilelile zinaweza kutoa akiba kamili kwa moja na sifuri kwa nyingine, kulingana na mahali zilipo.

Kwa upande wa modeli, SWAT, iliyoendelezwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, inaweza kuiga bonde zima siku kwa siku. Inaligawa katika mabonde madogo, kisha katika vipande vyenye udongo, mteremko na matumizi ya ardhi yanayofanana. Udhaifu wake katika suala lenu ni kwamba inayaiga maji ya chini ya ardhi kwa njia rahisi mno. Kama sehemu kubwa ya maji yanayorudi hupitia chini ya ardhi, mtahitaji MODFLOW, ambayo Idara ya Jiolojia ya Marekani imekuwa ikiitoa tangu 1984, ama peke yake ama ikiwa imeunganishwa na SWAT. Msiisahau tofauti ya wakati: maji yanayotiririka juu hurudi mtoni baada ya siku chache, lakini yanayozama yanaweza kurudi baada ya miezi au miaka, na mara nyingi ndiyo yanayouhifadhi mto wakati wa kiangazi.

Nataka kuwatahadharisha pia kuhusu kipimo cha ubora wa modeli. Wengi wetu tunatumia kipimo ambacho Nash na Sutcliffe walikipendekeza mwaka 1970, ambacho 1 ni ulinganifu kamili na 0 ni sawa na kutumia wastani tu. Kipimo hicho hutawaliwa na siku za mafuriko kwa sababu makosa yake hupigwa kipeo cha pili. Modeli inaweza kupata alama nzuri kwa kuiga mafuriko vizuri huku ikikosea vibaya mtiririko wa kiangazi, nacho ndicho kipindi ambacho maji yenu yanagombaniwa. Pimeni kiangazi peke yake.

Mpangaji wa Bonde ameandika:

Nawashukuru sana. Tumeangalia, na ni kweli kwamba viwango vya ufanisi tuliviingiza kutoka kwenye majedwali ya kawaida, hivyo sehemu kubwa ya punguzo letu inatokana navyo. Kuhusu mahali, bonde letu lina sura mbili: skimu za juu ziko kwenye udongo wa mchanga karibu na mto, na maji yake bila shaka yanarudi, skimu za chini ziko kwenye tambarare ambayo mifereji yake ya kutolea maji inaishia kwenye mbuga ya chumvi.

Swali linalozaliwa ni hili: hata tukiigawa ruzuku kwa kufuata mahali, mkulima atakayebakiwa na maji ataacha yapite, au atayatumia kupanua shamba? Modeli zote zilizotajwa hapa zinachukulia eneo la kilimo kuwa ni jambo tunalolijua.

Mchumi wa Maji amejibu:

Swali lako la mwisho ndilo ambalo ruzuku nyingi za aina hii zimekwama kwalo, na lina ushahidi. Mwaka 2008 Frank Ward na Manuel Pulido-Velazquez walichapisha uchambuzi wa bonde la juu la Rio Grande, mto wa Marekani na Meksiko, uliounganisha modeli ya mto, ya mazao na ya uchumi, wakaona kwamba ruzuku ya teknolojia ya umwagiliaji inaweza kuongeza maji yanayotumika kabisa, yaani yasiyorudi mtoni, badala ya kuyapunguza. Mwaka 2014 Lisa Pfeiffer na C.-Y. Cynthia Lin walionyesha kwa takwimu za visima vya magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, kwamba wakulima waliohamia kwenye mitambo yenye ufanisi zaidi walichota maji mengi zaidi, kwa sehemu kwa sababu walibadili mazao. Hawakufanya hivyo kwa uovu. Maji yakileta faida kubwa kwa kila kipimo, kila kipimo kinakuwa na thamani zaidi mkononi mwa mkulima.

Ukirudi kwenye mfano wa Mtaalamu wa Mito, hesabu yake ni fupi. Mkulima akiruhusiwa kuendelea kuchukua vipimo 1,000 kama kibali chake kinavyosema, na akapanua shamba la matone hadi viishe, eneo lake linaongezeka kwa asilimia 43 hivi, na bonde linapoteza karibu vipimo 929 mahali pa 650. Mavuno yanaongezeka, kipato kinaongezeka, na mto unakauka, huku kila mkulima akiwa na ufanisi wa kupigiwa mfano.

Ili kuiga uamuzi wa aina hiyo mnahitaji modeli ya uchumi wa mashamba. Njia ya zamani ni hisabati ya upangaji mstari: unaorodhesha mazao, faida na mahitaji yake, unaweka mipaka ya ardhi, maji na nguvukazi, na kompyuta inatafuta mchanganyiko wenye faida kubwa zaidi. Tatizo lake ni kwamba huruka kutoka zao moja hadi jingine kwa badiliko dogo la bei, na mwisho wake inalijaza bonde zima zao moja, jambo ambalo hakuna mkulima mwenye akili timamu angelifanya. Mwaka 1995 Richard Howitt alichapisha njia ya kuliepuka hilo, ambayo hutumia eneo halisi lililolimwa kukisia gharama zilizofichika zinazopanda kadiri zao linavyopanuka, kama vile udongo usiofaa, hatari ya soko na upungufu wa vibarua. Baada ya hapo modeli huitoa hali ya mwaka wa msingi kama ilivyokuwa, na huitikia mabadiliko ya sera polepole. Ila msije mkaiwasilisha hali hiyo ya mwaka wa msingi kama uthibitisho: inalingana kwa sababu imelazimishwa kulingana. Uthibitisho ni kuiendesha kwa mwaka mwingine ambao bei au maji yalibadilika sana, kisha kuona kama inakisia yale ambayo wakulima walifanya kweli.

Modeli za biashara ya dunia, kama GTAP ya Chuo Kikuu cha Purdue au IMPACT ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Sera za Chakula (IFPRI), sioni kama mnazihitaji. Zinafaa pale badiliko linapotikisa bei za soko kubwa. Bonde moja kwa kawaida halifanyi hivyo, isipokuwa kwa mboga au tunda ambalo karibu lote linatoka kwenu.

Kinachohitajika zaidi ni kikomo cha maji yanayoruhusiwa kutumika, na kikomo chenyewe kinaweza kuhitaji modeli. Katika bonde la Murray-Darling nchini Australia, kikomo kilichowekwa kwa muda mwaka 1995 na kuwa cha kudumu mwaka 1997 hakikuwa tarakimu moja isiyobadilika. Kilikuwa kiasi cha maji ambacho kingechukuliwa kwa kiwango cha maendeleo cha msimu wa 1993/94 chini ya hali ya hewa ya mwaka husika, na katika mabonde mengi yaliyomo kiasi hicho kilikokotolewa kwa modeli za kompyuta baada ya msimu kwisha. Hapo modeli haikuishia kuwa ushauri wa pembeni. Iliingia ndani ya kanuni. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mkifika huko, faili za modeli, toleo la programu na vigezo vyote viwe wazi kwa vyama vya watumia maji, kwa sababu watu watanyimwa maji kwa tarakimu zake.

Afisa wa Skimu amejibu:

Nimewasoma kwa makini, na kwa heshima zote napingana na mwelekeo wa mjadala. Mnataja modeli nne au tano kwa ajili ya uamuzi ambao utafanywa msimu ujao, mtake msitake. Kuirekebisha SWAT kwenye bonde lenye vituo vichache vya kupimia mto kunachukua muda mrefu, na mwisho wake anayeielewa ni mtu mmoja ambaye mkataba wake ukiisha anaondoka na ujuzi wote.

Tena mnazungumza kana kwamba faida pekee ya matone ni maji. Mkulima anayapenda kwa sababu yanapunguza vibarua, yanapeleka mbolea kwenye mizizi badala ya kuizamisha chini, na mahali ambapo maji yanasukumwa kwa pampu yanapunguza gharama ya umeme au dizeli. Nitrati inayobaki shambani ni nitrati ambayo haikuingia kwenye visima vya kunywa. Hata kama mto haupati tone moja zaidi, ruzuku inaweza kuwa na haki yake kwa sababu hizo. Iteteeni kwa faida ilizo nazo, na msiitie hatiani kwa kukosa faida ambayo nyie wataalamu ndio mliyoitangaza.

Mtaalamu wa Mito amejibu:

Ndugu Afisa, hoja yako ya pili naikubali yote, na nadhani iandikwe katika ripoti kama sababu inayojitegemea. Nitrati, nguvukazi na nishati zinaweza kuhesabiwa, na hesabu yake haitegemei maji yanarudi wapi.

Katika hoja ya kwanza tuko karibu kuliko unavyofikiri. Singependa timu ianze na SWAT. Ningeanza na mizania ya maji ya ukurasa mmoja kwa kila skimu: yanayochukuliwa, yanayogeuka mvuke, yanayorudi, yasiyorudi. Safu ya mvuke inaweza kukaguliwa bila kufunga kifaa chochote shambani, kwa kuwa setilaiti hupima joto la uso wa ardhi, na kutokana na joto hilo, mionzi ya jua na hali ya hewa inakisiwa nguvu iliyotumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Njia za aina hii zimekuwapo tangu miaka ya 1990. Kwa Afrika na Mashariki ya Karibu, FAO inatoa bure makisio ya mvuke yanayotokana na setilaiti kupitia huduma yake ya WaPOR.

Makisio hayo yana makosa yake, ila yana sifa moja ninayoithamini sana: hayakutokana na modeli zetu. Ugonjwa mkubwa wa modeli za mabonde ni kwamba mkusanyiko tofauti kabisa wa vigezo unaweza kutoa mtiririko uleule mtoni. Mmoja unasema maji yamenywewa na mazao, mwingine unasema yamezama kwenye tabaka la chini, na ukitazama kituo cha mtoni peke yake huwezi kujua upi ni wa kweli. Kwa sera hii tofauti ya hizo mbili ndiyo kila kitu. Kipimo cha mvuke kutoka nje ndicho kinachoweza kuukataa mmojawapo.

Pale ambapo mizania ya ukurasa mmoja inatoa jibu lilelile hata vigezo vikivutwa huku na huku, simameni hapo. Modeli kubwa haitaongeza kitu. Pale jibu linapobadilika kutoka akiba hadi hasara kwa sababu ya kigezo kimoja, kama sehemu ya maji yanayorudi kutoka skimu za juu, hapo ndipo fedha za modeli kubwa na za visima vya kupimia zipelekwe.

Mpangaji wa Bonde ameandika:

Hili la kuanza na mizania na kuacha modeli kubwa zijibu yale tu yanayobaki linatuwezesha kwenda na muda tulio nao. Linabaki lile swali la kuyawasilisha mashaka. Katibu mkuu wetu hataki kuona mawingu ya nukta. Anataka kujua aseme nini.

Mwigaji wa Mazao amejibu:

Msimpe katibu mkuu tarakimu moja yenye alama ya jumlisha-toa, kwa kuwa ataifuta alama na kubaki na tarakimu. Mpeni uamuzi kwa uamuzi. Chukueni ruzuku kwa skimu zote bila kikomo, ruzuku kwa skimu zote pamoja na kikomo cha maji yanayogeuka mvuke, ruzuku kwa skimu za chini peke yake, na hali ya sasa. Kwa kila moja endesheni mizania kwa miaka mikavu na miaka ya mvua, kwa kila mkusanyiko wa vigezo ambao vipimo havijaukataa, kisha andikeni ni katika mingapi kati ya mizunguko hiyo mto wa chini unapata maji zaidi kuliko sasa, na ni katika mingapi unapata pungufu. Mtu asiyejua hisabati ya uwezekano anaielewa kauli kwamba mpango fulani unaupunguzia mto maji karibu katika kila hali iliyojaribiwa.

Msitegemee modeli moja ya mazao kwa hali ya hewa ya miongo ijayo. Mwaka 2013 kundi la watafiti wa AgMIP, mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli za kilimo, lilichapisha matokeo ya modeli 27 za ngano zilizopewa data za maeneo manne, Uholanzi, Argentina, India na Australia, na ikaonekana kwamba tofauti kati ya modeli za ngano ilichangia mashaka zaidi kuliko tofauti kati ya modeli za hali ya hewa. Kwa uamuzi wa msimu ujao mtosheke na AquaCrop. Kwa mabwawa na vibali vya miaka 30, wekeni angalau modeli ya pili pembeni.

Mchumi wa Maji amejibu:

Naongeza sharti moja tu, la utaratibu. Kwa jinsi ulivyolieleza bonde lako, nadhani mizania itaonyesha kwamba skimu za chini zina akiba ya kweli na za juu hazina, au zina kidogo mno. Ikiwa ndivyo, ruzuku ya kuokoa maji iende chini, ya mbolea na nishati iweze kwenda kokote, na kila anayelipwa kwa ajili ya maji akubali kwanza kwamba kibali chake kitaandikwa upya kwa kiasi cha maji kinachotumika kabisa pamoja na ukubwa wa eneo linalomwagiliwa, kabla ya mabomba kufungwa. Kumnyang'anya mtu maji baada ya kupanda miti ya matunda kwenye eneo jipya hakuna serikali inayolipenda, na sijui modeli yoyote inayoweza kuufanya uamuzi huo kuwa rahisi.